Konokono wa Ukurasa wa Ishirini

Hester Pinnock hakuwa mtu wa kutazamwa mara mbili. Ungekutana naye barabarani Nether Sallow, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua na kikapu cha viazi, ungemwamkia ukapita zako, usijue kwamba umempita mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini aliwafumba macho wafu wa bonde zima.

Alikuwa muuguzi wa vijijini. Gari lake dogo la bluu lilipanda na kushuka vilima vya Shropshire, Uingereza, wakati wa jua na wakati wa theluji, na mbwa wa mashambani, ambao humbwekea hata kasisi, walinyamaza walipolisikia. Alibadilisha bandeji, alichoma sindano, aliwakemea wazee waliokataa dawa. Na pale dawa iliposhindwa alivuta kiti, akashika mkono wa mgonjwa, akangoja. Baadaye wenye msiba walimuuliza swali lile lile: kwa nini yeye, na kwa nini sasa? Hester hakupenda kudanganya. Aliwajibu kwamba hajui, kisha akaenda jikoni kuteleka birika.

Jioni alirudi nyumbani kwa dada yake, Nesta, fundi wa kushona mapazia, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele. Hawakuolewa hata mmoja wao, na hawakuona kama wamepungukiwa. Baada ya chakula Nesta aliweka chai mezani, Hester akavua viatu, na kila mmoja akafungua kitabu chake. Vitabu vyenyewe vilifanana kama mapacha: jaladani kuna nyumba ya mawe yenye waridi mlangoni, paka dirishani, kikombe cha chai, na pembeni, karibu usikione, kisu au chupa ya sumu. Ndani yake mtu amekutwa amekufa kwenye banda la maua la kasisi. Hakuna aliyelia sana. Mwanamke mmoja mzee, ambaye watu humwona kama kabati la ukutani, anaanza kuuliza maswali madogo madogo kuhusu keki. Na ukifika ukurasa wa mwisho, unajua nani, unajua vipi, na unajua kwa nini.

Kwa nini. Hester alikuwa akifunga kitabu na kushusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Wapo wasomi wanaovicheka vitabu hivi. Wanasema ni mauaji bila damu na vijiji bila matope, ulimwengu usiokuwepo. Waseme. Mtu aliyeshinda mchana kutwa na maswali yasiyo na majibu ana haki ya kupata swali moja lenye jibu kabla ya kulala. Na tena, ni vitabu gani vingine vinavyothubutu kusema kwamba uovu una jina, kwamba unaweza kukamatwa kabla ya Jumapili, na kwamba atakayeukamata si waziri wala jemadari bali ni yule bibi mliyemsahau kwenye kona? Huo si upuuzi. Ukiutazama vizuri, ni mapinduzi yaliyovaa aproni.

Vitabu vyao walivikusanya kwenye rafu moja ndefu, katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa kijiji. Kila Alhamisi alasiri wasomaji walikusanyika pale kunywa chai, kubadilishana vitabu na kubishana. Hester alikuwepo, na Nesta, na Gwilym Prosser, tarishi mstaafu mwenye ulimi wa pilipili, na Dot Amphlett, mwoka keki, mjane mnene mwenye moyo mwepesi. Wengine walikuja na kuondoka.

Nesta ndiye aliyeanzisha alama. Ukishasoma vitabu mia vyenye paka dirishani, hukumbuki tena kipi umekisoma na kipi bado. Unafika katikati ndipo unagundua kwamba muuaji unamjua tangu mwaka juzi. Basi Nesta akatoa amri: ukimaliza kitabu, chora alama yako kwa penseli chini ya ukurasa wa ishirini. Yeye alichora birika. Hester alichora kofia. Gwilym alichora kiatu, kwa kuwa alitembeza barua maisha yake yote, na Dot akachora kifungo kwa sababu, alisema, ndicho kitu pekee awezacho kuchora kikafanana. Ukifungua ukurasa wa ishirini ulikuta majirani zako wamekutangulia, wamepangana kama ndege kwenye waya.

Kulikuwa na sheria moja tu: mwisho wa kitabu hausemwi. Hausemwi kwa mzaha, hausemwi kwa bahati mbaya, hausemwi hata mtu akiwa mahututi. Dot aliwahi kuponyokwa na ulimi kwamba pacha wa kitabu kimoja hakufa, akawaoshea wenzake vikombe mpaka Pasaka.

Majira matatu ya baridi yaliyopita, Nesta alifariki. Hester alimshika mkono kama alivyowashika wengine, na safari hii hakukuwa na wa kumuuliza kwa nini. Alijiuliza mwenyewe, akakosa jibu, akateleka birika. Alhamisi iliyofuata alikwenda ukumbini, akatoa kitabu rafuni bila kutazama, akafungua ukurasa wa ishirini. Birika lilikuwepo. Nesta alikuwa amepita hapa kabla yake. Alikwisha kucheka pale pa kucheka, alikwisha kumshuku asiye na hatia. Tangu siku hiyo Hester akawa anasoma akimfuata dada yake nyuma nyuma, kitabu kwa kitabu, na rafu ilikuwa bado ndefu.

Lakini si alama zote zilizokuwa na mwenyewe. Kwa takriban miaka mitano, chini ya ukurasa wa ishirini alikuwa akionekana konokono. Konokono mdogo, mwenye nyumba yake mgongoni na pembe mbili zilizosimama, amechorwa kwa penseli ya kijani kwa uangalifu mkubwa. Hakuna aliyejua ni wa nani.

"Huyu ni mwizi mwenye adabu," Gwilym alisema. "Anachukua bila hodi, anarudisha bila asante."

"Ni kasisi," Dot alisema. "Angalia pembe zilivyonyooka. Huo ni mkono wa mtu aliyekwenda shule."

"Kasisi yule? Biblia yenyewe hajaimaliza."

"Basi ni wewe, unatuchezea."

"Mimi nikichora konokono atafanana na kiatu, Dot. Uliza mtu yeyote."

Hester alikuwa akitabasamu tu. Fumbo lililo hai, lisilo na haraka na lisilomdhuru mtu, hulikatishi. Unaliacha liive.

Ndipo yakaja mashindano ya kijiji kinachotunzwa vizuri kuliko vyote katika jimbo. Nether Sallow haikuwahi kushinda. Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, Bwana Lionel Threadgold, aliapa kwamba mwaka huu itashinda. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyefanya kazi serikalini London mpaka akastaafu, kisha akahamia kijijini na mkewe Cecily. Cecily aliugua muda mrefu, akafa. Yeye akabaki katika nyumba ile ya mawe peke yake, akiihudumia kamati kama wengine wanavyohudumia ng'ombe. Alipiga rangi benchi. Alinyoosha kibao cha njia panda. Aliwaandikia watu kuhusu mapipa yao ya taka. Na siku moja mwezi Mei akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, mikono nyuma, akaitazama rafu.

"Bi. Pinnock," alisema, "majaji watakuja wakati wowote kuanzia Juni. Huja bila kutaarifu. Sitaki wafungue mlango huu wakute maiti sabini na paka."

"Paka ni wengi kuliko maiti, mwenyekiti," Gwilym alisema kutoka kitini.

"Ninapendekeza picha za historia ya kijiji hapa, na vitabu vichache vya maana. Haya mengine ni makaratasi ya kuwatuliza vikongwe. Suala litakuja kwenye mkutano Jumamosi. Nimeshaagiza lori la karatasi chakavu lije Jumatatu, endapo wanachama watakubali."

"Na wasipokubali?" Hester aliuliza.

"Watakubali. Kila mtu anataka kushinda." Akainamisha kichwa kwa heshima, akaenda zake.

Dot alilia ndani ya kikombe chake. Gwilym alitukana kwa Kiwelshi, lugha ambayo mama yake alimwachia kwa shughuli hiyo tu. Hester alisogea rafuni, akatoa kitabu kimoja, akakirudisha, akatoa kingine. Watu watasema ni karatasi. Lakini mabirika ya Nesta yalikuwa humo, na Jumatatu yangesagwa yakawa maboksi ya mayai.

Siku iliyotangulia, Jumatano, Hester alikuwa ameweka rafuni kitabu kipya. Alikinunua mwenyewe mjini, akakisoma kwanza kama ilivyo haki ya mnunuzi, akakivika jalada la nailoni, akakiingiza baina ya vingine akafunga ukumbi. Kilikuwa kitamu ajabu, hadithi ya maonyesho ya mazao, na alitaka kumshangaza Dot nacho. Sasa alipokitafuta ili ampe Dot asahau machozi, hakikuwepo.

"Nani kachukua kile kipya?"

Hakuna aliyekichukua. Hakuna aliyejua hata kama kipo. Hester akakaa chini.

Ukumbi ulikuwa na funguo tatu. Mmoja ulikuwa mfukoni mwake. Wa pili ulikuwa wa mfagiaji, ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa Hispania na binti yake, akianikwa juani. Wa tatu ulikuwa wa mwenyekiti.

Haiwezekani, alijiambia. Kisha akakumbuka bustani ya Cecily Threadgold. Cecily hakuweza kuua kitu. Alikuwa akiwaokota konokono kwenye saladi zake mmoja mmoja, anawatia kwenye mtungi wa jemu, anawapeleka makaburini na kuwaachia huru kwenye nyasi ndefu. Kijiji kizima kilimcheka kwa hilo. Na alipolala kitandani hawezi tena kushika kitu, Hester ndiye aliyekuwa akienda kila jioni kumtazama, na ndiye aliyemsomea kitabu chenye paka dirishani, kurasa chache kila siku. Cecily alikufa kabla hakijaisha. Hester alikisahau juu ya meza ya kitanda. Wiki kadhaa baadaye alikikuta rafuni, amekirudisha nani hakujua, na hakuuliza. Hicho ndicho kitabu cha kwanza kilichokuwa na konokono.

Hester akaweka kikombe chini, akaanza kucheka, kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega.

"Sista amepatwa na wazimu," Gwilym alisema. Alimwita Sista tangu enzi za sindano.

Akawaeleza. Gwilym akapiga goti lake.

"Tumemshika. Jumamosi unasimama, Sista, unampasua mbele ya watu. Makaratasi ya vikongwe, enh? Mwongo mkubwa yule. Mwite Konokono kwa jina, watu wacheke mpaka waangushe meno."

"Hapana."

"Hapana kitu gani? Atakuondolea rafu yako."

"Gwilym, nimewaogesha watu wa bonde hili tangu nikiwa msichana. Sijawahi kumvua mtu nguo mbele za watu." Akainuka, akafunga koti lake. "Kama kuna mtu wa kumfichua Konokono, ni Konokono mwenyewe."

"Na atafanyaje hivyo?"

"Sijui bado. Nipe mpaka Jumamosi."

Jumamosi mvua ilinyesha na ukumbi ukajaa, maana kijiji cha Kiingereza hukosa mazishi kabla hakijakosa mkutano wenye ugomvi na keki za bure. Bwana Threadgold alikaa mezani mbele na kengele yake ndogo, mkoba wa ngozi miguuni. Alianza na mapipa ya taka. Akaja kwenye ua wa kanisa. Mwishowe akafika kwenye chumba cha nyuma, akasimama.

Alisema vizuri, hilo halikanushiki. Alisema kijiji ni uso, na uso huoshwa. Alisema Nether Sallow ina miaka mia nane ya wakulima na wajenzi, na wageni wakija tunawaonyesha nini? Sumu kwenye jemu. Alisema hana ugomvi na burudani ya mtu yeyote.

"Ama mimi," alimaliza, "sijapata kufungua hata kimoja cha vitabu hivyo, na sidhani kama nimekosa kitu."

Gwilym alikohoa kama trekta. Hester alimkanyaga mguu.

"Kuna mwenye neno kabla ya kura?"

Hester alisimama. Alikuwa amesimama mbele ya vifo vingi, lakini hajawahi kusimama mbele ya mkutano.

"Sina hotuba," alisema. "Nataka kuwasimulia kitabu kimoja tu, ili mjue mnachopigia kura. Kipya. Nimekimaliza juzijuzi."

"Kwa ufupi, Bi. Pinnock."

"Kwa ufupi. Kuna kijiji, kama hiki, na kuna maonyesho ya mazao. Kuna mwanamume anayeshinda kwa maboga kila mwaka, kila mwaka, mpaka watu wamechoka kumpigia makofi. Asubuhi ya maonyesho wanafungua hema. Wanamkuta amelala kifudifudi juu ya meza, uso umezama kwenye keki ya jemu iliyopata zawadi ya kwanza."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mkulima Beddoes, ambaye hakuwahi kusoma kitu zaidi ya bei ya kondoo, akauliza, "Keki ilikuwa ya nani?"

"Hilo ndilo swali, Bwana Beddoes. Keki haikuwa na jina."

Akaendelea. Alisimulia kwa sauti ile ile aliyotumia kando ya vitanda, ya chini, isiyo na haraka, na ukumbi ukasogea mbele bila kujijua. Kulikuwa na mke wa marehemu, aliyevaa kofia mpya siku ya pili tu. Kulikuwa na kasisi, na dada wa kasisi, mpishi wa jemu. Kulikuwa na mtunza bustani aliyelala na maboga yake kama na watoto. Na kulikuwa na bibi wa posta, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu kwa sababu alikuwa anapima vifurushi tu. Wafugaji waliacha kunong'ona. Mvua ilipiga paa. Mtu akasema, "Mke, ni mke," na mwingine akamnyamazisha.

Dot aliushika mkono wa Gwilym. "Anakwenda mpaka mwisho," alinong'ona, uso umemwiva. "Gwilym, anakwenda kuusema mwisho. Hester."

Maana Hester hakukoma. Kasisi aliungama. Hester akapita. Bibi wa posta aliweka chupa juu ya mizani. Hester akapita. Hakumtazama mwenyekiti hata mara moja. Alitazama ukuta wa nyuma, mahali Nesta alipozoea kukaa, na katika moyo wake alimwomba dada yake msamaha kwa sheria aliyokuwa karibu kuivunja.

"Basi bibi wa posta akawakusanya wote ndani ya hema. Akasema, yule aliyetia sumu kwenye keki yumo humu, amekaa, anakunywa chai yangu. Na mtu huyo alikuwa..."

"Simama hapo."

Kengele ilianguka ikabingirika chini ya meza. Bwana Threadgold alikuwa amesimama, mkono mmoja hewani kama askari wa barabarani.

"Bi. Pinnock, hilo halifanywi. Kuna sheria. Kuna watu hawajamaliza."

Vichwa vyote vilimgeukia.

"Nani hajamaliza, mwenyekiti?" Gwilym aliuliza, sauti laini kama siagi. "Kitabu ni kipya. Kipo kimoja tu."

Bwana Threadgold alimtazama Hester, na Hester akamtazama yeye, bila ushindi, bila huruma, kama anavyomtazama mgonjwa anayejua mwenyewe kwamba ni wakati wa kumeza dawa. Mlango alikuwa amemfungulia. Kupita ilikuwa kazi yake.

Yule mtu mrefu akainama. Watu walidhani anaokota kengele. Akafungua mkoba wa ngozi, na kutoka katikati ya makabrasha ya mapipa ya taka akatoa kitabu chenye jalada la nailoni, na picha ya hema jeupe, na paka.

"Nimefika pale kasisi anapoungama," alisema. "Simwamini."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwafukuza kunguru juu ya paa. Mkulima Beddoes alijifuta macho kwa kofia. Lakini Threadgold alibaki amesimama, na kicheko kilipopungua akaanza kusema, si kwa sauti ya kamati.

"Mke wangu alikufa akiwa kurasa thelathini kabla ya mwisho. Aliniuliza usiku ule nadhani ni nani. Nilimwambia sisomi vitu vile." Alikigeuza kitabu mikononi. "Baada ya mazishi nikakimaliza, nimjibu. Nikakuta nilikuwa na jibu na sina wa kumpa. Nikachukua kingine. Nimekuwa nikija hapa siku ambazo hamji. Niliona aibu. Mtu wa umri wangu, wa kazi yangu. Nikafikiri rafu ikiondoka na aibu itaondoka nayo." Akakiweka kitabu mezani. "Nimewaita vikongwe wa kutulizwa. Kikongwe ni mimi. Na kweli nimetulizwa. Ninaomba radhi."

Waingereza wakiona moyo wa mtu hutazama viatu vyao. Dot Amphlett ndiye aliyeokoa mambo.

"Mimi nilisema ni kasisi," alisema kwa masikitiko. "Miaka mitano nimesema ni kasisi."

"Tupige kura," Hester alisema.

Mikono ilipanda. Ilipanda ya wasomaji, ya wafugaji, ya Beddoes aliyetaka kujua keki ilikuwa ya nani. Ilipanda mpaka ukumbi ukaonekana kama shamba la mahindi, na mkono wa mwisho, mrefu, wenye kiwiko cha koti kilichoshonwa kiraka, ulikuwa wa mwenyekiti. Alipouliza nani anapinga, ilisikika mvua tu.

Walipoanza kukata keki alimjia Hester karibu na dirisha.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi."

"Ungeweza kunitaja."

"Ningeweza."

"Na kama nisingekusimamisha? Ungeusema mwisho?"

Hester alifikiri. "Ningeusema," alijibu. "Kisha ningeosha vikombe mpaka Pasaka ya mwaka kesho, na ningestahili."

Akampa sahani ya keki. Threadgold akaitazama keki kwa muda. Ilikuwa ya jemu. Halafu akaila.

Usidhani Hester alirudi nyumbani akitembea. Alikuwa anaruka. Mwanamke wa umri ule, koti limelowa, anaruka vidimbwi njia nzima kutoka ukumbini mpaka langoni kwake, na kama kulikuwa na aliyemwona dirishani, alikuwa na adabu ya kutosema. Tunafundishwa kwamba ushindi ni wa wenye sauti na wenye vyeo, na vitabu vikubwa hutuambia mdogo ataliwa tu, azoee. Siku ile katika kijiji kimoja cha mawe, mtu mdogo alikataa. Alishinda bila kumwangusha mtu. Alimwinua aliyekuwa amelala chini. Nani alimfundisha? Zile zile hadithi za paka na birika.

Jumatatu asubuhi lori la karatasi chakavu lilifika, kwa kuwa katika furaha ile hakuna aliyekumbuka kulifuta. Dereva, mtu mpana mwenye kinywa kilichochoka, aliteremka akamkuta Hester akipanga rafu, na Bwana Threadgold juu ya ngazi, akipangusa vumbi.

"Nimeambiwa maiti sabini," dereva alisema.

"Wamefufuka," Hester alisema. "Pole kwa safari. Chai?"

Alikunywa chai, akala mabaki ya keki ya Dot. Alisema yeye hulala ndani ya lori mara tatu kwa wiki na usingizi haumjii vizuri tangu mambo fulani ya nyumbani. Hakuyataja mambo hayo, nao hawakumuuliza. Threadgold aliteremka ngazini. Akapitisha kidole chake kirefu kwenye migongo ya vitabu, akachomoa kimoja, akampa.

"Anza na hiki. Usimwamini daktari wa meno."

"Mwenyekiti," Hester alisema kwa ukali.

"Sijasema kama ni yeye. Nimesema asimwamini."

Dereva aliondoka na lori tupu na kitabu kimoja kwenye kiti cha mbele. Hester alidhani hataliona lori lile tena, wala kitabu. Kitabu kile kilikuwa na birika la Nesta, na alijilaumu kidogo kwa kutokisoma kwanza.

Juni majaji walikuja, wakaondoka; Nether Sallow ikawa ya tatu, nafasi ambayo haikuwahi kuiota. Alhamisi moja baada ya hapo, viti vya chumba cha nyuma vikiwa havitoshi tena na Beddoes amekaa juu ya kreti akitetea kosa lake kuhusu mke wa mtu wa maboga, Dot alikikuta kitabu kimesimamishwa mlangoni, kimefungwa kwenye mfuko wa mkate kisilowe. Hester akakifungua.

Ukurasa wa ishirini. Birika la Nesta. Kiatu cha Gwilym, kifungo cha Dot, konokono wa kijani. Na mwishoni mwa mstari, kwa kalamu nene isiyozoea kuchora, lori.

Hester alikaa kwenye kiti chake cha kona, akavua viatu, akaanza ukurasa wa kwanza. Wenzake walibishana. Chai ilipoa. Hakusikia kitu, maana mbele yake kulikuwa na daktari wa meno, na alikwisha kuanza kumshuku.